Mavyaa bado anampakulia mume wangu chakula. Je, nikae eda?

BARUA

Mshauri, assalaam aleikum.

Mimi ni mama wa watoto watatu. Naishi kijiji cha wavuvi pwani ya kusini ya Kenya, kati ya Msambweni na Shimoni. Jina la kijiji nitalificha, maana mashua iliyozama kila mtu hapa anaijua na nikisema zaidi watajua ni nani anayelalamika.

Mume wangu alikuwa nahodha wa mashua hiyo. Kusi ya mwaka jana alitoka jioni na mabaharia watatu kwenda kutega jarife nje ya mwamba. Wakati wa kusi vyombo vingi vidogo hapa kwetu hubaki ndani ya mwamba, watu wakaambulia tafi na pono, na wengine hawatoki kabisa. Lakini ndani samaki walikuwa wameadimika, karo ya shule ilikuwa inadaiwa, na injini ilikuwa ya deni. Tajiri mwenye mashua ndiye aliyeileta injini hiyo, hospawa kumi na tano, kwa makubaliano kwamba ilipwe polepole kutokana na mapato. Wakirudi, linakatwa fungu la chombo, linakatwa la injini, inatolewa pesa ya petroli, kisha ndio wanagawana. Siku nyingine anarudi nyumbani na samaki wa kitoweo tu.

Alfajiri wakirudi, injini ikazimika karibu na mlango wa mwamba. Mawimbi yakawapiga ubavuni, mashua ikapinduka. Mabaharia wawili walipatikana baadaye upande wa Gazi wakiwa wameshakufa, wakazikwa. Wa tatu, kijana wa jirani yetu, aliokolewa na wavuvi akiwa ameng'ang'ania ubao. Mashua ilikutwa kifudifudi, injini haipo. Mume wangu hakuonekana.

Watu wa BMU, kikundi cha wavuvi kinachosimamia bandari yetu, walitafuta, walinzi wa pwani walitafuta, wapiga mbizi wa hapa kijijini walitafuta. Kisha bahari ikazidi kuchafuka. Hakuna aliyetangaza kwamba msako umekwisha, watu tu wakarudi kwenye shughuli zao.

Mavyaa mpaka leo hajakubali. Tunaishi nyumba moja naye na bavyaa. Mimi napika, yeye ndiye anayepakua. Kabla hajawapakulia wajukuu humpakulia kwanza mwanawe, kipande cha samaki kizuri kuliko vyote, akakifunika kwa kawa na kuweka sahani juu ya kabati. Asubuhi wanapewa kuku. Mshauri, kuna siku watoto wangu wamelala hawajashiba na wali uko juu ya kabati.

Anasema mkondo wa bahari unakwenda kaskazini, kwa hiyo mwanawe yuko Lamu ama Somalia, ameokotwa, pengine amefungwa, hana simu. Mjukuu wake mmoja alimwonyesha kwenye simu kisa cha mvuvi aliyetoka Mexico akapotea baharini zaidi ya mwaka na akaibuka hai kwenye visiwa vya mbali. Tangu hapo hasikii la mtu.

Bavyaa na mashemeji wanataka nikae eda, isomwe khitma, mambo yaishe. Shemeji mkubwa amesema barazani, na maneno yakanifikia, kwamba mwanamke asiye mke wala mjane anawaletea watu fitina. Mavyaa aliposikia habari ya eda alinifuata chumbani. Hakunipigia kelele. Alisema, "Siku utakayokaa eda ndiyo siku utakayomuua mwanangu," kisha akaenda kuswali.

Na eda yenyewe nitaikaaje? Mimi ni mama karanga. Nanunua samaki bandarini, nakaanga, jioni nauza kando ya barabara. Nikikaa ndani miezi minne na siku kumi, watoto wale nini?

Kuna jambo jingine. Yule kijana aliyeokoka amesema kauli tatu. Polisi aliwaambia alimwona mume wangu akiogelea na dumu la manjano la petroli, giza likawatenganisha. Mavyaa alimwambia alimsikia akiita kwa sauti ya nguvu. Na kwa mamake mwenyewe, nasikia, alisema mume wangu aligongwa kichwani na ubao mashua ilipopinduka. Nikikutana naye njiani anageuza njia. Naamini kuna kitu ananificha.

Wajane wa wale waliozikwa walikaa eda na wameshatoka. Mmoja wao hanisalimii, kwa sababu mume wangu ndiye nahodha na ndiye aliyekata shauri la kutoka.

Mwanangu mdogo ana miaka sita. Naambiwa nimwambie baba yuko safarini, nami namwambia hivyo. Mkubwa ana miaka kumi na minne na ameacha kuuliza. Jumamosi anashinda bandarini akisaidia kukokota mashua, wanampa samaki, analeta nyumbani na kuwaweka mbele yangu bila kusema neno.

Wiki iliyopita tajiri alileta karatasi. Anataka nitie sahihi kwamba nitalipa deni la injini kidogo kidogo kutoka kwa biashara yangu.

Mimi mwenyewe, kuna usiku nina hakika amekufa. Halafu asubuhi simu inaingia kwa namba nisiyoijua na mkono unatetemeka. Nikikaa eda nitajiona nimemsaliti. Nisipokaa sijui nitaishi hivi mpaka lini. Kusi nyingine imeingia sasa. Nikae eda ama niendelee kungoja?

Mke wa Nahodha, Kwale

JIBU

Wa aleikum salaam, mwanangu. Pole sana.

Umeniuliza swali moja la eda, lakini katika barua yako naona kila mtu amekuletea lake na anataka jibu kutoka kwako. Mavyaa anataka useme yu hai. Bavyaa na mashemeji wanataka useme amekufa. Tajiri hajali sana kama yu hai ama amekufa, anataka kujua nani atalipa. Na wewe, ambaye hukuwa mashuani na hukuona kitu, ndiye unayetakiwa kuamua.

Kwa hiyo naomba tuanze na lile neno la mavyaa, kwamba ukikaa eda utamuua mwanawe. Bila kumkosea adabu, nadhani neno hilo limekuingia hadi ukaliamini. Mke hakai eda kwa sababu amekata tamaa. Anakaa kwa sababu kifo kimethibiti, ama kwa sababu mwenye mamlaka ya kuhukumu amehukumu kwamba kimethibiti. Mwenye mamlaka hayo si wewe, wala si shemeji wa barazani. Katika Kenya ni Kadhi, ambaye ibara ya 170 ya Katiba ya 2010 imempa mambo ya ndoa, talaka na mirathi ya Waislamu wanaokubali kwenda mbele yake. Katika barua yako yote sikuona mahali ambapo mtu yeyote amekwenda kwake. Mmebishana nyumbani mwaka mzima juu ya hukumu ambayo hakuna aliyeiomba.

Kisa chako si kigeni kwa wanazuoni. Mtu aliyepotea asijulikane yu hai ama amekufa wanamwita mafqud, na wamemjadili kwa kirefu. Imamu Shafii, ambaye wengi wetu pwani tunafuata madhehebu yake, ana kauli mbili. Ya zamani inasema mke angoje miaka minne kisha akae eda ya kufiwa, kama alivyohukumu Sayyidna Umar. Ya baadaye inasema angoje hadi kifo kithibiti. Wanazuoni wa Hanbali wakatofautisha aliyepotea katika safari ya kawaida na aliyepotea penye maangamizi, na mojawapo ya mifano wanayoitoa ni chombo kilichovunjika, baadhi ya watu wakaokoka na baadhi wakazama. Sikuandikii haya ili uchague kauli iliyo nyepesi. Nataka ujue kwamba mwanamke aliye katika hali yako alishafikiriwa karne nyingi zilizopita, na hakuna aliyemwita msaliti.

Ukiamua kwenda kwa Kadhi, yeye atataka ushahidi: namba ya OB, yaani kitabu cha matukio cha polisi, daftari la BMU linaloonyesha nani alitoka siku ile, mahali mashua ilipokutwa, na zaidi ya yote maneno ya kijana aliyeokoka. Nawe una maswali ya kumuuliza. Kwanza, akihukumu kwamba mume amefariki, eda inahesabiwa tangu siku ya ajali ama tangu siku ya hukumu? Wanazuoni wamelijadili hilo, na jibu lake kwako si dogo, kwa maana miezi minne na siku kumi tangu ile alfajiri imeshapita zamani. Pili, mwulize habari ya karai lako. Wapo wanazuoni wengi wanaomruhusu mjane kutoka mchana kwa haja yake, na kuwalisha watoto wasio na mwingine wa kuwalisha ni haja. Tatu, mwulize itakuwaje mume akirudi. Usione haya kuliuliza. Sayyidna Umar aliletewa kesi ya mume aliyerudi akakuta mkewe ameolewa, akampa hiari ya kumchukua mke au kurudishiwa mahari. Maana yake ni kwamba hata waliohukumu hawakudai wanajua yaliyofichika baharini. Walihukumu kwa walichonacho.

Hatari zipo. Kadhi anaweza kusema ushahidi hautoshi, ungoje, na kungoja kwa amri si sawa na kungoja kwa hiari yako. Anaweza pia kuhukumu haraka kuliko moyo wako ulivyo tayari, ukajikuta watu wanakuja kukupa pole nawe ungali ukisikiliza simu. Na ujue kwamba serikali ina hesabu yake mbali. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 118A, inasema mtu asiyesikika kwa miaka saba na wale ambao wangetarajiwa kumsikia anachukuliwa kuwa amekufa, mpaka ithibitike vinginevyo. Kabla ya hapo mahakama inahitaji ushahidi wa kifo chenyewe. Basi unaweza kuwa mjane mbele ya dini na bado huna cheti cha kifo cha kupeleka benki au ofisi ya ardhi. Nakwambia sasa ili isije ikakushtua mbele ya dirisha la karani.

Bila shaka unaweza pia kutokwenda kokote kwa sasa. Hilo nalo ni shauri, si woga. Lakini kama ndilo utakalochagua, chagua wewe, usiache wakati upite tu kwa kuwa watu wawili nyumbani wanavutana.

Sasa mavyaa. Kile kisa cha simu ni cha kweli. José Salvador Alvarenga alitoka pwani ya Mexico Novemba 2012 na akafika visiwa vya Marshall Januari 2014. Sijui kama mjukuu alimsimulia kisa chote. Mtu huyo alikuwa ndani ya boti muda wote, akinywa maji ya mvua na kula ndege na kasa. Alikuwa na mwenzake kijana, Ezequiel Córdoba, aliyekufa njiani na kutoswa baharini. Kwao Córdoba kisa kile hakikwisha kwa furaha. Mume wako hakubaki na chombo, chombo kilipatikana. Hilo unalijua, na nadhani mavyaa naye analijua.

Habari ya mkondo amesema kweli, ndiyo maana hata wale wawili walipatikana upande wa Gazi. Basi mchukulieni neno lake kwa uzito badala ya kulipinga. Mombasa kuna kituo cha kuratibu uokoaji baharini kilichofunguliwa mwaka 2006, na kinashughulikia maji ya Kenya, Tanzania, Somalia na Ushelisheli. Shemeji mmoja aende na maelezo yote ya mume wako: urefu, nguo alizovaa, kovu kama analo. Aulize kama kuna mtu aliyeokotwa, hai ama maiti asiyetambuliwa, tangu kusi ya mwaka jana. Apige simu na hospitali za Lamu. Amwambie mavyaa kabla ya kwenda, na akirudi amweleze yeye kwanza. Huenda jibu likawa "hatuna habari," na neno hilo halifungi wala halifungui kitu, nalo linauma kwa namna yake. Lakini mama aliyeona mwanawe anatafutwa hadi mahali pa mwisho pa kutafutwa ni tofauti na mama aliyeambiwa anyamaze. Na ushahidi kwamba mlitafuta utamfaa Kadhi pia.

Ile sahani imenikaa moyoni kuliko yote uliyoandika. Ningekusihi usiiondoe kwa mkono wako. Ukifanya hivyo mtagombania sahani, na ugomvi si wa sahani. Lakini hakuna mama anayetaka wajukuu wake walale na njaa, nadhani tu hajaona. Kuna njia ya kumwambia ambayo haimtaki akiri kifo: fungu la mwanawe liwe sadaka, na wa kwanza kupewa sadaka hiyo wawe watoto wa mwanawe. Sadaka kwa niaba ya mtu inafaa akiwa hai na inafaa akiwa amekufa, kama dua. Anaweza kuendelea kupakua, kufunika na kutaja jina lake, kisha kawa ikafunuliwa usiku uleule na wajukuu wakala. Maneno haya yakitoka kwako yanaweza kumchoma. Je, una wifi anayesikilizana na mamake? Ama kuna somo yake, mwanamke wa rika lake aliyewahi kufiwa? Mwanamke kama huyo anaweza kuingia chumbani kwake akasema jambo ambalo mkaza mwana hawezi.

Juu ya yule kijana, una hakika kwamba anakuficha kitu. Pengine ni kweli. Ila hebu zitazame zile kauli tatu kwa kuangalia alikuwa akisema na nani. Polisi wanataka maneno mafupi, akawapa dumu na giza. Mbele ya mama aliyepotelewa na mwana, akampa mwana mwenye sauti ya nguvu. Kwa mamake mwenyewe, ambaye hakuwa na haja ya kumlinda, akasema la ubao. Inawezekana hakuna uongo hapo, mtu mmoja tu anayempa kila mtu kile anachoona ataweza kukibeba. Inawezekana pia kwamba gizani, katika maji yale, mwenyewe hajui aliona nini. Na anageuza njia kwa sababu kila akikuona anajiuliza kwa nini yeye ndiye aliyerudi. Wanaume wa bandarini hawazungumzi haya. Watamwambia ashukuru Mungu, na wiki ya pili watamwuliza lini anatoka tena.

Kama utataka kumsikia, asisikilizwe njiani. Imamu au mwenyekiti wa BMU amwite, akae na mamake, nawe uwe na mtu wako. Mwulize aliona nini, basi. Lakini kabla ya siku hiyo jiulize kama uko tayari kusikia la ubao kwa maneno kamili, kwa sababu likishasikika halirudi. Hutaki, huna lazima. Kadhi anaweza kumsikiliza bila wewe kuwepo chumbani, na hilo unaweza kuliomba.

Yule mjane asiyekusalimia sina dawa yake. Ana hasira, na aliyestahili hasira hiyo hayupo, kwa hiyo imekuangukia wewe. Wala sitakwambia mumeo hakukosea kutoka siku ile, sikuwepo. Ninachojua ni kwamba Idara ya Hali ya Hewa hutoa onyo la upepo mkali na mawimbi makubwa wakati wa kusi, na kwamba onyo halilipi karo. Utafiti wa FISH Safety Foundation uliotolewa mwaka 2022 ulikadiria kwamba zaidi ya watu laki moja hufa kila mwaka duniani katika kazi ya uvuvi, na umaskini ukatajwa miongoni mwa mambo yanayowasukuma. Nahodha aliyekata shauri la kutoka alikata shauri hilo akiwa na fungu la injini linalomngoja pwani. Hilo wajane wote watatu mnaweza kulisema kwa sauti moja siku mtakapoweza kukaa pamoja. Nikisema watatu nakuhesabu nawe humo, kwa sababu Kadhi ahukumu asihukumu, umefiwa na maisha uliyokuwa nayo na hakuna aliyekuletea hata kikombe cha chai ya matanga.

Hapo kwenye matanga nikuongezee kidogo. MV Spice Islander ilipozama karibu na Nungwi tarehe 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, familia nyingi hazikupata maiti ya kuzika. Ziliomboleza bila kaburi. Katika madhehebu yetu swala ya ghaibu ipo, Mtume alimswalia Najashi aliyekuwa mbali, na aliyezama baharini amehesabiwa katika hadithi kuwa shahidi. Khitma wanayoitaka mashemeji si adui yako. Ni haraka yao tu iliyokuudhi, na jinsi walivyoipitisha barazani kabla ya kuketi nawe. Lakini wakisema mwanzo isomwe dua ya kumwombea popote alipo, mavyaa anaweza kukaa katika kisomo hicho bila kusaliti anachokiamini, nawe pia.

Watoto. Ukimwambia wa miaka sita kwamba baba yuko safarini, ujue wanaosafiri hurudi, na wasiporudi ni kwa sababu hawakutaka. Mtoto atafika hapo peke yake bila kukwambia. Yapo maneno ya kweli ambayo hayasubiri hukumu ya mtu: mashua ya baba ilipinduka, watu walimtafuta sana, hawajamwona, sisi tunamwombea. Atauliza kama amekufa. Unaweza kumjibu unavyojijibu mwenyewe usiku, kwamba unadhani hivyo na huna hakika.

Yule mkubwa ananitia wasiwasi zaidi, hasa kwa kuwa amenyamaza. Anapoweka wale samaki mbele yako anakuuliza kama sasa yeye ndiye baba. Ukikataa samaki utamdhalilisha, na ukipokea kimya kimya atajibiwa kwamba ndiyo. Wapokee, mshukuru, kisha mwambie waziwazi kuhusu shule unatarajia nini kwake. Mwulize pia anasikia nini bandarini juu ya babake. Yeye anashinda na wanaume walewale wanaosema ya nahodha.

Halafu ile karatasi. Deni la mtu aliyekufa hulipwa kutokana na alichoacha, katika dini na katika sheria, si kutoka kwa karai la mkewe. Na sijui hata kama ni deni lake peke yake. Injini ilikuwa ya mume wako, ama ya mabaharia wote wanne, ama ilikuwa bado ya tajiri mpaka imalizike kulipwa? Kama ilikuwa bado yake, basi iliyozama ni mali yake. Makubaliano yaliandikwa ama yalisemwa tu? BMU husuluhisha mambo ya namna hii, na mwanasheria wa msaada wa bure akiisoma mara moja atakwambia mengi. Tajiri anaijua hali yako ndiyo maana ameleta karatasi sasa, kabla hujawa mjane wala hujarudi kuwa mke. Ukitia sahihi, lililokuwa deni la mumeo linakuwa ahadi yako. Akija tena, mkaribishe kwa heshima na umwambie karatasi iko kwa shemeji mkubwa, anaisoma. Kisha kampelekee kweli shemeji aisome.